Skuta imeanza kula mafuta ghafla: pima, soma plagi, ndipo ushike spana

Skuta iliyokuwa ikimaliza wiki kwa tangi moja, sasa inakauka siku ya nne. Kabla hujaipeleka gereji na kumwambia fundi "nipunguzie mafuta kwenye kabureta", elewa jambo moja. Ulaji unaopanda polepole kwa miezi ni uchakavu wa kawaida. Ulaji unaopanda ndani ya siku chache ni kitu kimoja kilichokatika, kilichokwama, kilichotoboka au kilichofungwa vibaya. Kitu hicho kinatafutika. Ukikimbilia skrubu ya kabureta hukifikii. Unakificha tu, na ukimaliza una hitilafu mbili mahali pa moja.

Maelezo haya ni ya skuta za cc 125 na 150 zenye kabureta, injini ya mipigo minne inayopozwa kwa hewa, na mkanda badala ya gia. Nyingi zinazotoka China zina injini ya muundo wa GY6, ziwe zimebandikwa jina gani ubavuni. Angalia herufi zilizogongwa kwenye injini: 152QMI ni cc 125, 157QMJ ni cc 150. Injini hizi zikiwa nzima, kwa mwendo wa mjini wenye foleni za kawaida, hutembea takriban km 35 hadi 45 kwa lita. Zenye sindano za mafuta badala ya kabureta zina sehemu yake chini.

Andaa spana ya plagi, bisibisi, spana za milimita 8 na 10, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mianya), multimita ya bei ndogo, geji ya upepo, kalamu ya maka, chupa safi, na bomba la sindano la ml 20 kutoka duka la dawa. Bomba la sindano si mzaha; utaona kazi yake. Fanyia kazi nje, mbali na jiko na sigara, injini ikiwa imepoa. Petroli hainyonywi kwa mdomo hata mara moja.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli inakula

Geji ya mafuta si kipimo. Boya lake ndani ya tangi likikwama, mshale unaonyesha robo wakati tangi lina nusu, na mwenye skuta anaapa kwamba inakunywa. Pima hivi: simamisha skuta kwa stendi kubwa, jaza mpaka petroli iguse alama moja unayoichagua mwenyewe kwenye shingo ya tangi, andika kilomita. Tembea angalau km 100 kwa njia zako za kila siku. Rudi kituo kilekile, pampu ileile, stendi kubwa, jaza mpaka alama ileile. Lita zilizoingia ndizo ulizotumia. Zikiingia lita 2.6 kwa km 100, unapata karibu km 38 kwa lita na skuta yako haina tatizo. Zikiingia 3.9, umeshuka hadi km 25 na ushee, na hapo kuna kazi. Tofauti ya asilimia kumi hivi huletwa na foleni, abiria na milima tu, usiihangaikie.

Hakikisha pia mita ya kilomita inahesabu. Waya wake unaotoka gurudumu la mbele ukiwa unateleza, skuta inatembea km 100 na mita inaandika 70. Linganisha na ramani ya simu kwa safari moja ndefu.

Kama unanunua petroli ya chupa barabarani, acha kwa kipindi chote cha kupima. Chupa ya "lita" mara nyingi haifiki lita, na huwezi kujua imechanganywa na nini. Tanzania, pampu ya kituo halali ina stika ya Wakala wa Vipimo, anzia hapo.

Mwisho, tandika boksi la karatasi chini ya skuta usiku. Asubuhi petroli itakuwa imeshapaa, lakini doa linabaki. Doa chini ya kabureta ni ushahidi. Kama hakuna doa wala harufu, na oili ya injini hainuki petroli, lakini tangi limepungua usiku, tafuta kifuniko cha tangi chenye ufunguo, maana hapo tatizo si la injini.

Hatua ya pili: nini kilifanyika wiki ile?

Jiulize kwa uzito, kwa sababu hapa ndipo nyingi ya hitilafu hizi hupatikana bila kufungua kitu. Ilibadilishwa brekishuu? Huenda imekazwa mno. Iliwekwa mkanda au rola mpya (vigurudumu vidogo ndani ya puli ya mbele)? Huenda si za saizi yake. Kabureta ilisafishwa? Huenda jeti, yaani kipande cha shaba chenye tundu la kupimia petroli, imetobolewa kwa waya. Ilioshwa kwa pampu ya presha? Maji yanaingia kwenye chujio la hewa na yanachomoa au kuozesha soketi ya choki. Ilianguka? Boya la kabureta, wenzo wa breki na mirija vyote vinaweza kuwa vimeguswa.

Hatua ya tatu: plagi ndiyo njia panda

Tembea km 5 kwa mwendo wa kawaida, zima injini ukiwa bado mwendoni, ingia pembeni salama. Usiiache iungurume imesimama kwanza, maana dakika mbili za sailensa (kuunguruma bila kutembea) zinatosha kuipaka plagi masizi yasiyo na maana. Acha ipoe kidogo, kisha fungua plagi.

Nyeusi, kavu, masizi yanayofutika kwa kidole: injini inapewa petroli nyingi kuliko hewa. Nyeusi na imelowa petroli: kabureta inafurika. Fuata sehemu ya kwanza hapa chini.

Kahawia nyepesi kama chai ya maziwa: kabureta haina kosa. Injini inachoma vizuri, ila inafanyishwa kazi kubwa kupita kiasi. Ruka moja kwa moja sehemu ya pili, na usiguse kabureta. Tunalisisitiza hili kwa sababu kabureta nyingi nzima zimeharibiwa wakati kosa lilikuwa kwenye breki.

Ukiwa hapo, pima mwanya wa plagi: milimita 0.6 hadi 0.7. Injini hizi hutumia saizi ya C7HSA. Plagi iliyoliwa mpaka mwanya umefika milimita moja inatoa cheche dhaifu, na cheche dhaifu nayo huacha masizi. Ibadilishe kwanza, urudie safari ya km 5, ndipo uhukumu.

Plagi nyeusi: petroli inaingia mahali isipotakiwa

*Choki ya umeme.* Anzia hapa siku zote. Kwenye kabureta hizi choki si kibamba cha kuvuta kwa mkono. Ni kopo dogo la plastiki limekaa ubavuni au juu ya kabureta, lina waya mbili na nta ndani yake. Injini ikiwa baridi, kinjia cha ziada cha petroli kiko wazi. Injini ikiwaka, umeme unaipasha nta, nta inatanuka na kusukuma kisindano cha shaba kinachokiziba kile kinjia. Huchukua dakika tatu hadi tano. Sasa fikiria soketi imechomoka, au waya umekatika ndani ya mpira wake: kisindano hakisogei, na skuta inatembea na choki imefunguliwa asubuhi mpaka jioni. Dalili zake hazifichiki: inawaka vizuri ikiwa baridi, lakini ikipata moto sailensa inakuwa nzito na ya kugugumia, ekzosi inanuka petroli, na mdomo wa ekzosi una masizi meusi.

Kuipima: chomoa soketi yake, washa injini, weka multimita kwenye volti za AC, gusa ncha mbili za upande unaotoka kwenye waya za skuta. Kwenye skuta nyingi za aina hii umeme wa choki unatoka kwenye koili za jenereta, si betri, ndiyo maana injini lazima iwe inaunguruma. Usipoona chochote jaribu na DC. Hakuna umeme kabisa? Fuatilia waya, soketi yenye kutu, au rezista yake iliyoungua.

Umeme upo? Basi pima choki yenyewe. Fungua skrubu zinazoishikilia, itoe. Choki ikiwa baridi, kisindano kitakuwa kimerudi nyuma. Pima urefu wake kwa rula, unganisha choki na betri ya volti 12, uiweke mezani dakika tano. Kopo linapaswa kupata joto mkononi, na kisindano kionekane kimetoka milimita kadhaa, polepole kama kucha inavyokua. Kama kimekaa palepale, choki imekufa. Hairekebishwi, nunua nyingine. Angalia pia ncha ya kisindano: ikiwa imelika upande mmoja, haitaziba hata ikisogea.

*Koki ya mafuta.* Hapa ndipo bomba la sindano linapofanya kazi. Koki hizi hazina mkono wa kufungia. Zinafunguliwa na mvuto wa injini. Zina mrija mnene wa petroli unaokwenda kabureta, na mrija mwembamba unaokwenda kwenye shingo ya kuingizia hewa. Kati yake kuna kiwambo cha mpira. Kikitoboka, injini inainyonya petroli mbichi kupitia mrija mwembamba, nje kabisa ya kabureta. Hakuna skrubu duniani itakayorekebisha hilo.

Chomoa mrija mwembamba upande wa injini. Ukikuta petroli ndani yake, jibu umelipata; mrija huo unatakiwa uwe mkavu daima. Kama ni mkavu, chomeka bomba la sindano, na mrija mnene uuelekeze kwenye chupa. Vuta. Petroli itiririke chupani, na bomba lishikilie mvuto wake bila kurudi. Achia: petroli ikatike. Ikiendelea kudondoka bila kuvutwa, koki haifungi. Petroli ikiingia kwenye bomba la sindano, kiwambo kimetoboka.

*Boya na sindano yake.* Bakuli la kabureta likijaa, boya hupanda na kusukuma sindano inayofunga petroli. Fungua skrubu ya kumwagia chini ya bakuli la kabureta, pokea petroli kwenye chupa ya kioo. Ukiona punje za uchafu au maji yametuama chini, una sababu ya sindano kutokufunga. Toa kabureta, fungua bakuli, chomoa boya, ulitikise karibu na sikio. Ikisikika petroli ndani, limetoboka na linazama. Itazame ncha ya sindano kwenye mwanga: mpira wake uwe laini mzunguko mzima. Pete iliyochimbika kwenye ncha, hata nyembamba kama uzi, inatosha kupitisha petroli usiku kucha. Badilisha sindano. Jeti zisafishwe kwa dawa ya kabureta na upepo, si kwa waya wala pini. Shaba ni laini, na tundu likiongezeka kidogo tu, kiasi cha petroli kinaongezeka moja kwa moja. Linganisha namba iliyochongwa kwenye jeti kubwa na ile ya kitabu cha skuta yako.

Ukilazimika kuifungua skrubu ya mchanganyiko, kwanza ikaze taratibu mpaka iguse huku ukihesabu mizunguko, uandike. Unairudisha kwa hesabu ileile.

*Chujio la hewa*, yaani ekilina: likiwa la sifongo, lioshe kwa maji ya sabuni, likauke, lipake oili kidogo ulikamue. La karatasi linabadilishwa. Likiwa limelowa oili ya injini, angalia kama oili imejazwa kupita kiasi, kwa sababu mrija wa kupumulia wa injini unaitupa mle ndani.

Kisha chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, au kiwango kimepanda bila wewe kuongeza, petroli imeshuka kupitia silenda mpaka kwenye oili. Usiiendeshe hivyo, oili iliyochanganyika na petroli haishiki kwenye vyuma, na ringi na kamu zinalika haraka sana. Rekebisha kwanza koki au sindano, halafu mwaga oili yote uweke mpya, takriban lita 0.8 kwa injini nyingi za aina hii. Ukibadilisha oili kabla ya kurekebisha, umetupa hela.

Plagi ya kahawia: injini nzima, mzigo mkubwa

Upepo wa tairi kwanza, kwa kuwa ni wa bure. Skuta nyingi za ukubwa huu hutaka karibu psi 25 mbele na 29 hadi 33 nyuma kutegemea mzigo. Namba kamili iko kwenye kibandiko au kitabu. Pima tairi likiwa baridi. Kuminya kwa kidole hakukuambii chochote.

Breki inafuata, na hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Tembea km 3 bila kushika breki mno, simama, dondosha matone ya maji kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma na kwenye diski ya mbele. Maji yakichemka na kupiga kelele, breki inashika muda wote. Usiiguse kwa kidole. Kisha stendi kubwa, injini imezimwa, zungusha gurudumu kwa mkono. La nyuma lina uzito kidogo kwa sababu ya gia zake, lakini lisikwame sehemu moja ya mzunguko. Wenzo wa breki ya nyuma uwe na uhuru wa milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kushika. Kama uhuru upo na bado gurudumu ni zito, tazama kile kiwiko cha chuma kwenye habu kinapoachiwa: kirudi chenyewe kwa nguvu ya springi. Kikirudi kwa uvivu, mhimili wake umekauka au umeshika kutu. Utoe, usugue kwa msasa laini, paka grisi nyembamba. Kwenye diski, kosa ni pistoni iliyokwama kwa uchafu, au wenzo uliobadilishwa usioiachia pampu irudi mpaka mwisho.

Halafu mkanda. Kwenye skuta hakuna gia ya kubadilisha. Puli ya mbele inajibana kadiri mwendo unavyoongezeka na kuupandisha mkanda juu, kwa kusukumwa na rola sita. Rola zikilika upande mmoja zinaacha kubingirika, mkanda haupandi mpaka mwisho, na injini inapiga kelele za km 70 huku unatembea 50. Masikio yako yatajua kabla ya mita.

Kuthibitisha: fungua kifuniko kirefu cha upande wa kushoto. Kwenye uso wa puli ya mbele unaoguswa na mkanda, chora kwa maka mstari mnyoofu kutoka katikati hadi ukingoni. Funga, tafuta barabara iliyo wazi, tembea kilomita moja kwa mwendo wa juu unaoruhusiwa, rudi, fungua. Mkanda umefuta wino popote ulipofika. Wino ukiwa umefutika hadi karibu na ukingo, puli inafanya kazi. Ukibaki mzima sehemu kubwa ya juu, fungua puli uzitoe rola. Nzima ni za mviringo kamili. Mbovu zina ubapa unaousikia kwa ukucha. Badilisha zote sita kwa pamoja, saizi na uzito uleule. Kuna wanaoweka rola nyepesi ili skuta iruke haraka inapoondoka. Inaruka kweli, lakini mizunguko ya injini inapanda kwa kila mwendo na petroli inalipia.

Mkanda una namba, kwa mfano 743-20-30 au 842-20-30: urefu na upana kwa milimita, kisha pembe ya ubavu. Ukipima upana ukakuta chini ya milimita 18, mwisho wake umefika. Unaporudisha puli, minya kwanza puli ya nyuma ili mkanda uzame huko na ulegee mbele. Mkanda ukibanwa kati ya uso wa puli na bushi wakati unakaza nati, nati itahisi imekaza kumbe imebana mpira. Baada ya kilomita chache inalegea na meno ya shafti yanakatika. Kosa hili ni la dakika moja, na hasara yake ni shafti nzima.

Ukiwa umefungua, nusa ndani ya kile kifuniko. Harufu ya kuungua na bakuli la klachi lenye rangi ya bluu vinaonyesha klachi inateleza. Oili humo ndani maana yake sili imevuja, nayo inatangulia kutengenezwa.

Valvu hubana taratibu, hivyo si mshukiwa wa kwanza, lakini zikague kama skuta imepoteza nguvu pia. Injini iwe baridi kabisa, alama ya T kwenye sumaku ilingane, matundu mawili madogo ya gia ya kamu yawe sambamba na uso wa hedi. Fila geji ya milimita 0.10 ipite kwa kukwaruza kidogo kwenye valvu zote mbili, isipokuwa kitabu chako kinasema vingine.

Skuta zenye sindano za mafuta

Hapa usifungue kitu kabla ya kuangalia taa ya injini kwenye dashibodi. Kihisi cha joto kikiharibika, kompyuta inadhani injini ni baridi na inaendelea kumwaga petroli, jambo lilelile linalofanywa na choki iliyokufa. Kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi nacho kikifa, inapoteza kipimo chake. Kagua soketi zao kama zina kutu au maji, halafu mpelekee fundi mwenye mashine ya kusoma namba za hitilafu. Mambo ya breki, upepo, mkanda na rola yanabaki vilevile.

Baada ya kurekebisha

Badilisha au safisha kitu kimoja kwa wakati, kisha rudia kipimo cha km 100, pampu ileile, alama ileile. Ukibadilisha choki, rola na chujio siku moja, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na tatizo likirudi utanunua vyote tena. Kama umepita kote huku na namba haijarudi, mwombe fundi apime mgandamizo wa silenda kabla na baada ya kutia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi. Mgandamizo ukiwa mdogo na ukapanda sana baada ya oili, ringi zimechoka. Ukibaki mdogo palepale, huenda ni valvu.